Mutoto au Mtoto? Kusoma Skafu za Mashabiki wa Rumonge

Kazi ninayoihakiki hapa haina mchapishaji wala jalada. Ni skafu nyekundu ya polista iliyoshonewa herufi nyeupe zilizokatwa kwa mkasi: MUTOTO WETU SAIDO. Ilishonwa Rumonge, Agosti 2023, na mama yangu mdogo ambaye ni fundi cherehani, kwa ajili ya mashabiki wa Simba waliokusanyika karibu na ufuko kuangalia Siku ya Simba kwenye televisheni. Mimi nilimsaidia kukata na kupiga pasi. Kwa hiyo sidai kuwa mhakiki asiye na upande, na kama itakavyoonekana mbele, sehemu ya kazi hiyo niliiharibu mwenyewe.

Msomaji asiyefuata mpira aelezwe kidogo. Saidi Ntibazonkiza ni mzaliwa wa Bujumbura aliyeichezea Vital'O kabla ya kwenda Ulaya. Mwaka 2020 alijiunga na Yanga ya Dar es Salaam, na katikati ya msimu wa 2022/23 akaonekana Simba. Kabla yake alikuwepo Amissi Tambwe, naye wa Vital'O, aliyesafiri kinyume chake: aliibuka mfungaji bora wa ligi ya Tanzania akiwa Simba msimu wa 2013/14, kisha akahamia Yanga na kuupata tena ufungaji bora msimu wa 2015/16. Shabiki wa Tanzania huzaliwa upande mmoja akafia huko huko. Shabiki wa Rumonge anayemfuata ndugu yake wa Burundi hujikuta anavuka kutoka Msimbazi hadi Jangwani na kurudi, na hakuna jezi ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana anakwenda kwa fundi.

Darasani tumezoea kuhakiki kanga. Tunataja pindo, mji na jina, tunanukuu methali iliyoandikwa, tunaeleza mvaaji anamsema nani, basi. Mara chache tunakumbuka kwamba, kwa mujibu wa simulizi za pwani, vazi hilo lilianza kwa sindano: wanawake walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunganisha sita kwa pamoja ili kupata vazi moja. Jina leso lenyewe limetoka katika Kireno. Uchapaji wa maneno ulikuja baadaye, na wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake hujulikana kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla", wakalifanya jina la kanga kuwa jambo la kiwanda. Tangu hapo tunasoma neno na kuusahau mshono. Skafu ya Rumonge inatulazimisha kurudi kwenye mshono, kwa sababu hapo neno na mshono ni kitu kimoja: herufi isiyoshonwa haipo.

Tuangalie basi jinsi ilivyofanywa. Cherehani ya mama mdogo ni ya kukanyaga kwa miguu na hushona mshono mnyoofu tu. Ukingo wa kila herufi lazima ukunjwe kwa vidole, upigwe pasi ya mkaa, ndipo ushonwe, la sivyo utachanika nyuzi kabla mechi haijaisha. O ni mateso. S ni mateso mawili. Kwa hiyo O zake zina pembe nane kama vibao vya barabarani, na mtu aliyezoea maandishi ya kompyuta ataona ni uzembe. Mimi naona ni mtindo uliozaliwa na kifaa, kama shairi linavyopata umbo lake kutokana na mizani. Hata hivyo si kila kitu ninachokisifu. Alijaribu kushona simba kwenye fulana mbili, na wateja wakauliza kwa nini timu imechukua nembo ya mbwa. Baada ya hapo aliachana na wanyama. Wala nembo halisi ya klabu haigusi, si kwa kuogopa sheria bali kwa sababu nembo moja humla siku nzima na hakuna anayekubali kuilipia siku nzima.

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya mvuvi mmoja wa ndagala. Alikuja siku za mwezi mpevu, wakati taa za mitumbwi hazina kazi kwa kuwa ziwa lote lina mwanga. Alileta fulana ya kijani yenye jina SAIDO mgongoni, ambayo mama mdogo alimshonea miaka miwili nyuma, pamoja na fulana mpya nyekundu. Alitaka herufi zihamishwe. Nilimwambia, "Mzee, nitakukatia mpya, hizi zimechakaa." Akakataa. "Hizo ni zake," alisema, kisha akakaa kwenye benchi kusubiri.

Mama mdogo alizifumua moja baada ya nyingine kwa wembe. Zilipotoka, jina lilibaki. Kitambaa kilichokuwa chini ya herufi hakikuwa kimepigwa na jua, kwa hiyo SAIDO ilisomeka kwa kijani kibichi juu ya kijani kilichopauka, ikizungukwa na matundu ya sindano. Upande wa pili, herufi zilezile zilikuja kwenye fulana nyekundu zikiwa na matundu yake ya zamani. Mtu akizichunguza kwa karibu atajua kwamba jina hili lilikuwa na nyumba nyingine.

Niliisoma hivi: kwa mvuvi yule klabu ni mwenyeji tu, jina ndilo kwao. Nilipomweleza mama mdogo tafsiri hiyo, alinijibu kwamba kitambaa kipya ni pesa. Sina njia ya kumshinda. Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba nilikuwa nimemwahidi mzee herufi mpya bure, na mzee alikataa bure hiyo. Uhakiki unaoisahau pesa ni mwongo, ila unaoona pesa peke yake nao haukumsikia yule mzee.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Tulipanga skafu 20. Mama mdogo alishona 12 zenye MUTOTO WETU SAIDO. Nilizotakiwa kuziandaa mimi zilikuwa 8, nami, nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili, nikakata MTOTO. Nilijiambia kwamba ninawasaidia watu wasichekwe. Nchini kwetu ukimwita mtu mswahili unaweza kuwa unamaanisha mjanja, hata tapeli, na sisi wa Rumonge tunalijua jina hilo tangu shule ya msingi. Nilidhani sarufi sanifu ingetuvua aibu hiyo.

Siku ya kusanyiko skafu za mama mdogo, faranga 5,000 kila moja, ziliisha kabla mpira haujaanza. Za kwangu iliuzwa moja, na mnunuzi alikuwa mwalimu. Kijana mmoja alishika MTOTO, akaigeuza, akauliza, "Hii imetoka Dar?" Nikamwambia imeshonwa palepale. Akairudisha mezani polepole, kama mtu anayeogopa kumkosea mwenye mali, akasema yeye anatafuta ya kwetu.

Nimelifikiria sana jibu lile. Katika Kiswahili sanifu kiambishi mu- kimepoteza irabu yake mbele ya konsonanti nyingi: mtu, mtoto, mlevi. Sikio letu linalosema umuntu na umugabo kwa Kirundi halikuona sababu ya kuiacha, na wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, kule Uvira, nao husema mutoto bila kuomba radhi. Sitetei kwamba tuandike hivyo kwenye mitihani. Ila skafu ile ilikuwa inadai jambo moja tu, kwamba mchezaji anayeshangiliwa na uwanja mzima wa Dar es Salaam ni wa hapa. Dai hilo lilikaa kwenye U. Nilipoiondoa, nilibakiza sentensi sahihi ambayo yeyote, popote, angeweza kuivaa, na kwa hiyo hakuna aliyeihitaji.

Jioni nilimwomba mama mdogo tuziongeze U. Aliinua skafu moja, akapima kwa vidole nafasi kati ya M na T, akacheka. Haitoshi. Ingebidi kufumua neno lote na kuanza upya, na wiki hiyo alikuwa na sare za shule za kushona. Skafu 7 ninazo mimi chuoni. Moja nafungia daftari za isimu.