Picha ya ukungu wa Tukuyu: anza na ncha za histogramu

Picha nyingi zinazopigwa Tukuyu asubuhi ya ukungu hutoka zimefifia. Chai ni ya kijivu, chini ya migomba hakuna giza, na Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, hauonekani vizuri. Wengi hukimbilia kuongeza mwangaza, na hapo ndipo picha inapoharibika zaidi.

Tazama histogramu kwanza. Ni chati inayohesabu pikseli: kushoto kabisa ni 0, weusi mtupu, kulia kabisa ni 255, weupe mtupu. Ukungu hutawanya nuru, ikaingia hata kwenye vivuli. Tuseme picha ya shamba la chai inaanzia 90 na kuishia 210. Ncha zote mbili za chati ni tupu, na huo utupu ndio ugonjwa wenyewe.

Ukiongeza mwangaza kwa 50, chati nzima inasogea kulia bila kupanuka. Iliyokuwa 90 inakuwa 140, kwa hiyo giza limezidi kupotea. Iliyokuwa 210 ingefika 260, lakini nafasi hiyo haipo. Vyote vilivyopita 255 vinarundikana hapo, na mikunjo ya ukungu inafutika. Ukihifadhi faili hivyo, hairudi tena.

Badala yake fungua zana ya Levels katika GIMP, programu ya kuhariri picha. Vuta pembetatu nyeusi hadi 90 na nyeupe hadi 210. Programu inapunguza 90 kwenye kila pikseli, kisha inazidisha kwa 255 na kugawanya kwa 120. Jani la 100 na kivuli cha 95 vilitofautiana kwa 5. Sasa vinatofautiana kwa karibu 11, na jicho linaona ukingo wa jani.

Mimi pembetatu nyeusi naisimamisha kwenye 75. Giza la mwisho linabaki 28, na ukungu unabaki ukungu. Rungwe, ambako Tukuyu iko, ni wilaya ya mvua. Picha yake yenye weusi mkali kama wa jua la Dodoma inadanganya.

Kuna gharama. Viwango 121 vikitandazwa kwenye nafasi 256, chati inabaki na mapengo kama meno ya kitana, na anga laini huweza kugawanyika mistari. Ndiyo maana kazi hii ifanyike kwenye faili ghafi (RAW): kamera ya biti 14 hurekodi viwango 16,384.

Msituni tatizo linageuka. Kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na Ndundulu, alielezwa katika jarida la Science mwaka 2005 kwa kutegemea picha, bila mwili wa mnyama. Jenasi yake, Rungwecebus, ilifuata mwaka 2006 baada ya mmoja kufa katika mtego wa mkulima. Uso wake ni mweusi, na mwanga mkali hupenya kati ya majani nyuma yake. Ncha zote za histogramu zimejaa tayari, hivyo hakuna cha kuvuta pembeni. Sogeza pembetatu ya katikati kidogo kushoto: vivuli vinapanda, 0 na 255 zinabaki palepale. Kama uso umerundikana kwenye 0, hakuna kitakachopanda, kwa hiyo tazama upande wa kushoto wa chati kwenye kamera kabla mnyama hajaondoka. Picha ikiwa ni ushahidi, rekebisha fremu nzima kwa kipimo kimoja, na uhifadhi faili ya awali bila kuigusa. Kishungi cha nywele kichwani ni alama ya kumtambua kipunji. Kontrasti ikizidi, kishungi huungana na kivuli cha matawi, na mtafiti hana tena cha kupima.