Mlio Huo Unafuata Nini?

Arusha haina uhaba wa mafundi wa Landkruza. Magari mengi yanayopeleka watalii Ngorongoro na Serengeti ni Toyota Land Cruiser za familia ya 70, zile ambazo kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo watu wamezibatiza jina la mkonga. Ukifungua boneti, mara nyingi utaikuta injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990. Kwa kuwa injini ni ileile toka gereji moja hadi nyingine, ni rahisi kuwapima mafundi. Wape gari moja lenye mlio mmoja, kisha tazama kila mmoja anaanzia wapi.

Wengi huanza na hukumu. Wakisikia ko-ko-ko wanasema injini imenoki, ishushwe. Fundi ninayemheshimu mimi huanza na swali: mlio huo unafuata nini? Unafuata mzunguko wa injini au mzunguko wa magurudumu? Unakuja asubuhi ukaondoka, au unangoja injini ipate moto? Unaongezeka gari likipanda mlima, au ukiachia mafuta? Masikio makali ni kipaji, lakini maswali haya ni ufundi, na ufundi unaweza kukaguliwa hata na mwenye gari asiyejua kushika spana.

Kipimo cha kwanza kinafanyika barabarani. Endesha kilomita 50 kwa saa mahali tambarare, kanyaga klachi, acha injini irudi chini huku gari likiserereka. Mlio ukiendelea vilevile, injini iachwe ipumzike: tafuta kwenye magurudumu, difu na propela. Beringi ya gurudumu huvuma, na mvumo wake hubadilika ukikata kona kwa sababu uzito unahamia upande mmoja. Krosi ya propela iliyokwisha hupiga kang! moja wakati wa kuondoka na wakati wa kubadilisha gia. Krosi hubadilishwa kabla ya chakula cha mchana. Kushusha injini kunaweza kula mapato ya msimu mzima. Fundi anayekubali kushusha injini kabla ya kulizungusha gari barabarani, mwondokee.

Gari likiwa limesimama, klachi inasaidia tena. Mlio unaokuja ukikanyaga pedali uko kwenye beringi ya klachi. Unaokuwepo gia ikiwa huru na mguu ukiwa nje ya pedali, ukatoweka ukikanyaga, uko kwenye giaboksi.

Sasa tuingie kwenye injini yenyewe, na hapa ndipo ubora wa fundi unapoonekana wazi. Ndani ya injini ya mipigo minne kuna mwendo wa aina mbili. Krenki huzunguka mara mbili kila kamu inapozunguka mara moja. Injini ikiwa imewashwa bila kukanyagwa mafuta, tuseme kwa mizunguko 700 kwa dakika, kitu kinachogonga kila krenki inapozunguka kitapiga mara 700, na kinachofuata kamu kitapiga mara 350. Sikio haliwezi kuhesabu mapigo hayo, lakini vidole vinaweza kulisaidia. Kila nozeli hupokea dizeli mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, yaani kwa mwendo uleule wa kamu. Fundi mzuri hushika kwa ncha za vidole bomba jembamba la chuma linaloenda kwenye nozeli moja, anasikia msukumo wa dizeli ukipita, halafu anasikiliza. Mlio ukiangukia pamoja na kila msukumo, atatazama valvu, kamu au mwako wa silinda. Ikisikika milio miwili kwa msukumo mmoja, wasiwasi unahamia chini, kwenye krenki na konrodi. Nikimwona mtu anafanya hivyo bila kuambiwa, najua amefundishwa na mtu.

Kutafuta mahali mlio ulipo ni hatua ya baadaye. Bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, inatosha. Lakini chuma husafirisha sauti mbali, na fundi anayeanza na bisibisi kabla ya kujua mwendo wa mlio atasikia kila kitu kila mahali.

Halafu kuna joto. Pistoni iliyolegea kwenye silinda hugonga asubuhi, kisha hunyamaza inapotanuka. Beringi ya konrodi iliyolika hufanya kinyume: oili nzito ya asubuhi huifunika, na oili ikipata moto na kuwa nyepesi, mlio unajitokeza, hasa ukiinua mafuta kidogo kisha ukaachia ghafla. Beringi kubwa zinazobeba krenki yenyewe, ambazo mafundi huziita mein, zina mlio mzito wa chini unaokuja gari likibeba mzigo, kwa mfano likitoka sakafu ya kreta ya Ngorongoro kupanda ukingoni. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikivuja hutoa tik-tik asubuhi inayofanana mno na tapeti, na hutoweka chuma kinapotanuka. Ushahidi wake ni masizi meusi kwenye maungio. Kwa hiyo fundi anayejua kazi yake atakuomba uliache gari usiku kucha, ili alisikie likiwashwa baridi. Ukimpelekea injini iliyokwisha kupata moto, umemnyima nusu ya ushahidi.

Kuhusu tapeti nina neno. Kwenye 1HZ nafasi ya valvu hurekebishwa kwa kubadilisha shimu, visahani vidogo vya chuma vyenye unene tofauti, na kwa kuwa ni kazi ya subira wengi huiahirisha. Wateja nao hupenda injini isiyo na sauti. Lakini valvu iliyobana haina mlio kabisa, na hiyo ndiyo inayoungua, kwa sababu haikai sawasawa kwenye kiti chake. Fundi anayekupa ukimya bila kukuonyesha vipimo vya kila valvu hajakupa chochote.

Mlio ukishaelekea kwenye silinda, kipimo kinachofuata ni kuzima silinda moja moja. Nati ya bomba la nozeli inalegezwa kidogo, dizeli inavuja kwenye kitambaa, silinda hiyo inaacha kufanya kazi. Mlio ukipungua au kutoweka, umeipata silinda. Sasa ni nozeli au ni konrodi? Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda nyingine: mlio ukihama nayo, umeokoa injini nzima kwa bei ya nozeli. Kazi hii inataka miwani na mkono ulio mbali, kwa sababu dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi. Na isifanywe kamwe kwenye injini mpya za komoni reli, kama V8 iliyoanza kuwekwa kwenye familia hii ya 70 mwaka 2007, ambako shinikizo hupita ba 1,000. Fundi anayezitendea injini zote mbili kwa mazoea yaleyale ni hatari kwake mwenyewe kwanza.

Si kila mlio ni ugonjwa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Ngorongoro ni karibu mita 2,300. Alfajiri ya huko juu ni baridi na hewa ni nyepesi, dizeli inachelewa kushika moto ndani ya silinda, na ikishika inalipuka kwa kishindo zaidi. Gari lililotulia mjini litakereza huko mpaka lipate moto, na hiyo ni hali ya kawaida. Kinachotia shaka ni gari lililoanza kukereza baada ya kujaza mafuta mahali pageni. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huchelewa kuwaka, na pampu ya 1HZ haina kilainishi kingine ila hiyohiyo dizeli inayopita ndani yake. Udanganyifu huo ulienea hata EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Fundi makini huuliza umejaza wapi kabla ya kuuliza chochote kuhusu beringi.

Na kuna kinachokaa kimya hadi siku ya maafa. Mkanda wa taimingi wa 1HZ hautoi taarifa kwa sauti. Ukikatika, pistoni na valvu zinakutana. Kinachoweza kulia ni beringi ya roli inayoukaza, mluzi mwembamba mbele ya injini unaopanda pamoja na mzunguko. Usichanganye na mkanda wa feni, ambao ukimwagiwa maji kidogo hubadilisha sauti papo hapo. Taa ya T-BELT kwenye deshibodi huhesabu kilomita, lakini kwa gari lililopita mikono mingi mimi siamini hesabu yoyote isiyo na risiti.

Ikibidi injini ifunguliwe, ukaguzi wako haujaisha. Dai vipande vya zamani uvishike mkononi. Beringi ya konrodi iliyochakaa kiungwana ina rangi ya kijivu iliyofifia sawasawa. Ikionyesha wekundu wa shaba, tabaka la juu limekwisha, na ikiwa wekundu uko upande mmoja tu, muulize fundi kama amekagua unyoofu wa konrodi. Ukiona mikwaruzo na punje ngumu zimezama ndani, vumbi limepita, na beringi mpya zitakufa vilevile chujio la hewa lisipochunguzwa pamoja na maungio yote ya bomba la mkonga. Krenki ipimwe kwa maikromita, kila shingo katika sehemu zaidi ya moja, na namba ziandikwe. Akipitisha ukucha juu yake na kusema ni nzuri, mwombe asifunge kwanza.