Athari ya Dambudzo Marechera: Sifa za Mtu na Umbo la Kazi

Jina la Dambudzo Marechera hutajwa mara nyingi kuliko vitabu vyake vinavyosomwa. Mwandishi huyu wa Zimbabwe, aliyezaliwa Rusape mwaka 1952 na kufariki Harare mwaka 1987, amegeuzwa kielelezo cha msanii mwasi. Visa vyake vinafahamika: kufukuzwa Chuo Kikuu cha Rhodesia mwaka 1973, kufukuzwa Oxford mwaka 1976, na kurusha vyombo London mwaka 1979 katika hafla ya kutunukiwa tuzo ya fasihi ya gazeti la Guardian. Makala haya yanashikilia kwamba visa hivyo, japo ni vya kweli, vimeifunika athari yake iliyo ya kudumu zaidi, ambayo imo katika umbo la kazi zenyewe.

Tuzo hiyo ilitokana na The House of Hunger (1978), kitabu kilichotolewa na Heinemann katika msururu wake wa waandishi wa Afrika. Wasomaji wa msururu huo walikuwa wamezoea riwaya ya kihalisia, ambamo aghalabu mhusika mkuu huiwakilisha jamii yake. Marechera hakuwapa mhusika wa aina hiyo. Katika novela iliyokipa kitabu jina, msimulizi anaondoka nyumbani tangu sentensi ya kwanza, lakini masimulizi hayasongi mbele: yanakatizwa na kumbukumbu, jinamizi na vipigo, hata mipaka ya nafsi yake ikavurugika. Kwa hiyo ukatili wa utawala wa walowezi hausimuliwi tu. Umepenya katika mpangilio wa sentensi. Hapa fani ndiyo maudhui.

Wapo wahakiki waliomshutumu kwa kuiga usasa wa Ulaya na kuipa jamii kisogo. Black Sunlight (1980) ilipigwa marufuku kwa muda katika Zimbabwe huru. Shutuma hiyo haiwezi kupuuzwa, hasa tukikumbuka hoja ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1986) kuhusu lugha. Marechera hakuchagua Kishona. Alidai kwamba Kiingereza lazima kipigwe vita kutoka ndani. Hata kama alishinda vita hivyo, watu wa mitaa aliyoiandika hawakupata kitabu katika lugha yao.

Hata hivyo, suala la lugha lisichanganywe na suala la umbo. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Euphrase Kezilahabi aliuvunja uhalisia kwa Kiswahili. Hatudai kwamba aliathiriwa na Marechera. Tunalodai ni kwamba kuvunja umbo si lazima kuwe kuitoroka Afrika wala lugha zake.

Baada ya kifo chake, miswada iliyohaririwa na Flora Veit-Wild, ikiwemo The Black Insider (1990) na mashairi ya Cemetery of Mind (1992), ilimpa wasomaji wapya. Vijana wengi walirithi sifa zake: ulevi, kulala nje, dharau kwa wakubwa. Urithi huo ni rahisi, kwa kuwa haudai kazi. Urithi mgumu ni kukataa sentensi inayosema uongo, hata inapolisifu taifa. Mwalimu amfundishaye Marechera aanze na kurasa zake. Wasifu wake usubiri. Tukifanya kinyume, tutaendelea kumsifu mwasi na kuuzika uasi wake.