Namna ya Kumpima Gurami Mdogo: Mwongozo kwa Wafugaji wa Samaki wa Mapambo wa Dodoma na Nyanda za Kati

Gurami ni jina la jumla la samaki wa maji baridi wenye asili ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, ambao pamoja na matamvua wanayotumia kuvuta oksijeni iliyoyeyuka majini wana kiungo cha pili cha kupumulia, kilichojificha juu ya matamvua hayo, chenye vifupa vyembamba vilivyokunjamana na kufunikwa na ngozi laini iliyojaa mishipa ya damu. Wataalamu hukiita kiungo hicho labirinthi, na kwa msaada wake samaki hupanda juu kila baada ya muda, huchota hewa kwa kinywa na kushuka nayo. Mkazi wa Bahi au wa kando ya Mtera, aliyemzoea kambale anayestahimili tope kwa sababu naye ana kiungo cha kupumulia hewa, hatakuwa na shida ya kuuelewa mpangilio huu, ingawa gurami na kambale hawana undugu wa karibu. Kutokana na maumbile hayo hukumu ya mnunuzi stadi ina utaratibu wake: gurami mdogo hupimwa kwanza kwa pumzi yake, kisha kwa nyuzi za mapezi yake ya tumbo, na mwisho kabisa kwa rangi yake. Wanunuzi wengi huanzia kwenye rangi, na hapo ndipo hasara yao huanzia pia.

Kati ya gurami wanaoitwa wadogo, watatu ndio wanaostahili kufikiriwa kwa tangi la nyumbani lenye mimea. Wa kwanza ni gurami wa asali, ambaye jina lake la kisayansi ni Trichogaster chuna, mwenye urefu wa karibu sentimita 5, mpole, na ambaye dume wake akiwa katika hali ya kuzaa hugeuka rangi ya dhahabu iliyokolea huku koo na tumbo vikiwa na weusi wa buluu. Wa pili ni gurami kibete, Trichogaster lalius, anayefika sentimita 7 hadi 8 na ambaye dume wake ana mistari ya wekundu na buluu inayopishana ubavuni. Hawa wawili walielezwa kwa mara ya kwanza na Francis Hamilton mwaka 1822, katika kitabu chake kuhusu samaki wa mto Ganges. Wa tatu, Trichopsis pumila, ni mdogo kuliko wote, hazidi sentimita 4, na hutoa sauti ya kukoroma inayosikika hata nje ya kioo, kwa kukwaruza kano za mapezi yake ya kifua. Huyu wa tatu ni johari, lakini hupenda maji laini, kwa hiyo anamfaa zaidi mfugaji anayevuna maji ya mvua.

Ustadi wa kwanza unaohitajika ni kumtambua anayeuzwa kwa jina lisilo lake. Gurami wa asali huchanganywa mara kwa mara na Trichogaster labiosa, jamaa yake mwenye midomo minene na umbo kubwa zaidi, anayefika takriban sentimita 9, na ambaye akiuzwa angali mchanga katika rangi ya machungwa iliyotokana na uzalishaji wa kuchagua huweza kumlaghai hata mtu mwenye uzoefu. Dawa ni kutazama midomo kabla ya kutazama mwili. Kosa kubwa zaidi ni kununua vifaranga vya Trichopodus trichopterus, ambaye akikomaa hupita sentimita 12 na huwa mgomvi. Huyo hutambulika kwa madoa mawili meusi, moja katikati ya ubavu na jingine kwenye shina la mkia, yakiwa katika mstari mmoja na jicho.

Akishakuwa na uhakika wa aina, mnunuzi anapaswa kusimama mbele ya tangi la muuzaji bila kugonga kioo, na kuangalia pumzi. Gurami mzima hupanda kwa utulivu, hugusa uso wa maji mara moja, na kushuka tena katikati ya mimea. Vifuniko vya matamvua yake hufunguka na kufungika kwa mwendo wa taratibu na kwa usawa pande zote mbili. Samaki anayening'inia juu muda wote huku matamvua yakienda mbio, au anayetumia upande mmoja tu huku mwingine ukiwa umefungwa, ana maradhi ya matamvua au anaishi katika maji machafu, na katika hali zote mbili hafai kununuliwa. Jambo hili ni rahisi kupuuzwa kwa sababu muuzaji ana jibu tayari, kwamba samaki hawa hupumua juu kwa asili yao, na jibu hilo ni la kweli nusu tu.

Nyuzi ndizo shahada ya malezi ya gurami. Mapezi yake ya tumbo yamerefuka na kuwa nyuzi mbili nyembamba ambazo huzinyoosha mbele kupapasa na kuonja kila kinachomkaribia, iwe jani, jiwe au samaki mwenzake, na kwa kuwa nyuzi hizo ni laini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili, ndizo zinazoharibika kwanza maji yanapochafuka au samaki wanaporundikwa pamoja. Nyuzi kamili, zilizonyooka na zenye urefu ulio sawa, zinaeleza kuwa samaki alilelewa vizuri kwa miezi mingi. Zilizokatika, zilizojikunja ncha au zenye weupe wa ukungu zinaeleza kinyume chake, hata kama samaki anang'aa. Kinachozidi hapo ni udadisi: gurami anayemsogelea mtazamaji na kuunyoosha uzi wake kuelekea kioo ni bora kuliko aliyejibanza pembeni, naye muuzaji aombwe kutupa chakula kidogo ili ionekane nani anakula na nani anatema.

Kuhusu mwili, mgongo uwe umenyooka, macho yawe maangavu, magamba yalale bapa, na tumbo liwe na ujazo wa wastani. Kichwa kinachoonekana kikubwa juu ya mwili uliokonda ni alama ya njaa ya muda mrefu au minyoo. Rangi ndiyo ifuate sasa. Kwa gurami kibete, jike wa kawaida ni wa kijivu chenye fedha, hivyo tangi zima lenye samaki wanaowaka rangi bila hata mmoja aliyefifia linaashiria ama madume watupu ama samaki waliolishwa homoni ili wauzike, na rangi ya homoni hupotea baada ya majuma machache. Dume wa gurami wa asali huonekana hafifu dukani kwa sababu ya hofu, kisha hukolea nyumbani akishapata mimea na utulivu. Mwenye kumchagua kwa subira hupata samaki mzuri kuliko aliyemlipia zaidi mwenzake.

Gurami kibete ana tatizo moja linalolazimu tahadhari ya pekee. Aina zake za rangi moja, nyekundu tupu au buluu tupu, zimezalishwa kwa wingi kutoka katika ukoo mwembamba, na biashara yake imeandamwa na kirusi cha kundi la iridovirusi ambacho hakina tiba. Samaki aliyeambukizwa hufifia, huacha kula, huvimba tumbo au kutoka vidonda, kisha hufa. Kwa sababu hiyo kila gurami kibete akae peke yake katika chombo cha karantini kwa majuma yasiyopungua manne, na mnunuzi asichukue samaki yeyote kutoka katika tangi lenye mzoga.

Dodoma ina masharti yake. Mji uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ukilinganishwa na pwani, na maji hubeba oksijeni kidogo kwa kiwango hichohicho. Hapo samaki anayepumua hewa ana nafuu, hasa umeme unapokatika na pampu kusimama. Lakini nafuu hiyo ina gharama yake. Hewa ya kiangazi ni kavu, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzijoto 13 au 14, ilhali gurami anahitaji maji ya nyuzijoto 24 hadi 28 na hewa yenye joto na unyevu juu ya maji hayo. Hita peke yake haitoshi: tangi lifunikwe kwa kioo, kukiwa na nafasi ya sentimita kadhaa kati ya maji na kifuniko, ili hewa inayovutwa isiwe ya baridi kali.

Maji ya visima vya nyanda za kati, vikiwamo vya Makutupora vinavyouhudumia mji, kwa kawaida ni magumu, yaani yana madini mengi yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kuizuia sabuni kutoa povu. Gurami wa asali na gurami kibete huyazoea wakiingizwa polepole, ilhali kwa Trichopsis pumila yachanganywe na maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye simtanki, baada ya mvua za kwanza kuliosha bati. Mimea nayo ichaguliwe kwa maji hayo. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, hustawi katika maji magumu, na anubia ya Afrika Magharibi hukua taratibu ikifungwa kwenye gogo bila kuhitaji mwanga mkali. Mimea ya kuelea ni ya lazima kwa sababu dume hujenga kiota cha mapovu chini yake, ila theluthi ya uso wa maji iachwe wazi kwa ajili ya kupumua. Mkondo wa chujio uwe mdogo. Tangi la lita 60 linatosha jozi moja ya gurami wa asali pamoja na kundi dogo la samaki wapole, na madume wawili wa gurami kibete wasiwekwe pamoja kamwe. Kwa nyumba ya kawaida ya Dodoma yenye maji ya bomba, gurami wa asali ndiye chaguo la kwanza.

Samaki aliyeshindikana arudishwe kwa muuzaji au apewe mfugaji mwingine, wala asitupwe katika bwawa la Hombolo, mbuga ya Bahi au dimbwi lolote la masika. Mwaka 2003, nchini Australia, kirusi kilichofanana mno na kile cha gurami kibete kiliua samaki wa kienyeji aina ya Murray cod katika shamba la ufugaji, na nyanda za kati za Tanzania zina samaki wadogo wa kwao wa kulindwa, akiwamo Nothobranchius neumanni, ambaye huishi katika madimbwi ya msimu na ambaye mayai yake husubiri ndani ya udongo mkavu hadi mvua irudi. Kila mfugaji wa Dodoma anaombwa kuhakikisha kuwa maji ya tangi lake humwagwa bustanini, mbali na mkondo wowote.