Anayechekwa ni Nani? Uhakiki wa Michoro ya Kuchekesha katika Majarida ya Skii na Safari za Milimani

Wahakiki wetu wamezoea kuitazama picha iliyomo katika jarida kama pambo la maandishi. Hoja hutafutwa katika maneno. Mchoro ulio kando huachiwa msomaji aupitishie jicho, atabasamu, kisha afungue ukurasa. Makala haya yanapinga mazoea hayo kwa kuchunguza utanzu mmoja mdogo: michoro ya kuchekesha inayoandamana na makala katika majarida ya michezo ya milimani, hasa mchezo wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zifungwazo miguuni. Utanzu huu umekulia Ulaya na Marekani, na huko ndiko tutakakouchunguza. Dai letu ni kwamba thamani ya mchoro wa aina hii hupimwa kwa swali moja: anayechekwa ni nani? Swali hili ni la fani kama lilivyo la maudhui na, kama tutakavyoona, katika milima yenye theluji jibu lake lagusa uhai wa watu.

Tuanze na fani. Mchoraji wa jarida hafanyi kazi kwa hiari yake yote. Mhariri humpelekea makala, humpa kipimo cha nafasi iliyotengwa katika ukurasa, tena humwekea siku ya mwisho. Mchoraji hurudisha rasimu za penseli. Moja huchaguliwa, ndipo wino hutiwa. Kwa hiyo mchoro huzaliwa ukiwa jibu kwa neno lililotangulia. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashindwa kuuelewa uhusiano huu, kwani ameuona katika malumbano: mshairi wa pili hupokea vina na mizani vya mwenzake, lakini hoja huwa yake mwenyewe. Mchoraji dhaifu hurudia kwa picha yale yaliyokwisha kusemwa kwa maneno. Mchoraji hodari hujibu.

Asili ya uhusiano huo katika milima ya Alps yaweza kufuatwa hadi kwa Rodolphe Töpffer (1799-1846), mwalimu wa Geneva aliyezuiwa na udhaifu wa macho asiwe mchoraji wa rangi kama babake. Töpffer aliwatembeza wanafunzi wake milimani kwa miguu, akaandika habari za safari hizo na kuzichorea picha yeye mwenyewe. Kitabu chake *Voyages en zigzag* kilichapishwa mwaka 1844. Aidha, hadithi zake za picha, kama ile ya *Monsieur Vieux Bois* iliyochapishwa mwaka 1837, zimewafanya wataalamu wengi wamhesabu miongoni mwa waasisi wa hadithi za katuni. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba katika kazi ya namna hii maneno na michoro havitenganishwi, kwani kimoja bila kingine hupungukiwa na maana. Tukikubali rai hiyo, hatuna budi kuusoma mchoro kwa uzito uleule tunaousomea aya.

Theluji nayo ina fadhila zake kwa mchoraji. Ya kwanza ni kwamba haihitaji kuchorwa: karatasi tupu ndiyo theluji. Mfaransa Paul Gayet-Tancrède (1907-1992), aliyejipa jina la kazi Samivel kutokana na mhusika wa Charles Dickens, aliitumia fadhila hiyo kwa ustadi mkubwa. Katika michoro yake ya milimani, ambayo baadhi yake ilikusanywa katika kitabu *Sous l'œil des choucas* cha mwaka 1932, binadamu aghalabu ni kidoa kidogo cha wino ndani ya weupe mpana. Kabla hatujasoma neno lolote tumekwisha kuambiwa nani ni mkubwa na nani ni mdogo.

Fadhila ya pili ni mstari wa mteremko. Mstari mmoja wa mshazari ukikatiza ukurasa watosha kutuonyesha mtu atokako na aendako, na kama ana njia ya kujiokoa. Ya tatu ni kwamba mteleza skii hufunika uso kwa miwani, kofia na skafu, hata mchoraji akanyimwa macho na kinywa, ambavyo ndivyo akiba ya kawaida ya mchekeshaji. Hana budi basi kuisemesha miili: magoti yaliyofungamana, viwiko vilivyopaa, nyonga zilizobaki nyuma mbao zikitangulia.

Fadhila ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. Theluji huhifadhi nyayo. Picha tuli haina wakati uliopita, lakini picha ya theluji inao, kwa sababu alama za mbao zimebaki nyuma ya mtu na zinashuhudia alivyopita. Ndiyo maana mchoraji mwerevu haonyeshi mwanguko wenyewe. Huonyesha kitambo kabla ya mwanguko au kitambo baada yake, akamwachia msomaji ajaze pengo. Kichekesho hukamilikia katika akili ya mtazamaji, kama kitendawili kinavyokamilikia kwa mteguaji.

Kipimo cha mbinu hii ni mchoro wa Charles Addams (1912-1988) uliotolewa na *The New Yorker* tarehe 13 Januari 1940. Jarida hilo si la skii, lakini ni vigumu kumtaja mchoraji wa skii aliyekuja baadaye bila kuukumbuka mchoro huo. Mteleza skii anashuka mlima. Nyuma yake kuna mti, na alama za mbao zake zimeupita mti huo moja kulia na nyingine kushoto, kisha zikaendelea sambamba kama kwamba hapakuwa na mti. Mtu mwingine amesimama akiangalia. Hapana neno hata moja chini ya picha.

Wengi husema kwamba uzuri wa mchoro huu ni muujiza wake. Sisi twauona katika mgawanyo wa majukumu. Aliyetenda jambo lisilowezekana anaendelea na safari yake kwa utulivu. Aliyeduwaa ni shahidi, yule anayejua kwamba mwili haupiti katikati ya shina. Addams hamcheki mteleza skii. Anamcheka mjuzi wa kanuni za maumbile, na mjuzi huyo ni mimi na wewe. Methali yetu yasema kwamba mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Hapa mwerevu ametiwa mashakani kwa mistari miwili ya wino.

Sasa tulinganishe mchoro huo na zile katuni za skii za kawaida. Wahusika wake wanafahamika mno. Yuko mwanagenzi aliyevunjika mguu, plasta nyeupe imefika pajani, naye ameketi karibu na moto. Yuko aliyekumbatia mti, yuko aliyepandana mbao, na yuko mgeni wa mjini aliyenunua mavazi ya fahari asijue kusimama. Kando yao hutokea mwalimu wa skii, kijana wa kuvutia aliyechomwa na jua, ambaye kamwe haanguki. Katuni hizi zina ucheshi wake, na hatusemi zifutwe. Lakini tukizipanga pamoja tunaona falsafa moja: hatari ni matokeo ya ujinga, na ujuzi ni ngao. Falsafa hiyo hiyo ndiyo ya picha za kamera na matangazo ya biashara katika kurasa zinazofuatana nazo, ambamo shujaa huruka majabali na daima hutua salama. Mchoro wa namna hii haujibu kitu. Umejiunga na kibwagizo.

Lililo baya zaidi ni kwamba falsafa hiyo si ya kweli. Tarehe 19 Februari 2012, katika bonde la Tunnel Creek karibu na kituo cha skii cha Stevens Pass, jimbo la Washington, kundi la watu kumi na sita lilikwenda kuteleza nje ya mipaka ya kituo. Wengi wao walikuwa mabingwa wa mchezo huo, na miongoni mwao walikuwamo watu wa majarida ya skii. Poromoko la theluji likawaua watatu. John Branch alieleza mkasa huo katika makala marefu ya *The New York Times* mwezi wa Desemba mwaka huo, na mwaka 2013 akatunukiwa tuzo ya Pulitzer. Kabla ya hapo, mwaka 2004, mtafiti Ian McCammon alikuwa amechapisha uchunguzi wa ajali 715 za maporomoko ya theluji zilizotokea Marekani kati ya mwaka 1972 na 2003. Alionyesha jinsi watu wanavyonaswa na mitego ya fikra: mazoea ya mahali, kumtegemea mtu anayeonekana kuwa mjuzi, kuona aibu mbele ya wenzao. Mafunzo peke yake hayakuwatoa watu katika mitego hiyo. Basi katuni inayomcheka mwanagenzi peke yake inamtuliza yule hasa anayepaswa kutiwa wasiwasi.

Kwa sababu hiyo twampa nafasi ya juu Sheridan Anderson (1936-1984), Mmarekani aliyewachorea wapanda majabali katika jarida la *Summit*, lililoanzishwa California mwaka 1955. Anderson hakujishughulisha sana na wageni. Aliwalenga wakuu wa mchezo, mmojawapo Royal Robbins, aliyekuwa katika kundi la kwanza kupanda uso wa kaskazini-magharibi wa Half Dome mwaka 1957, na aliyejulikana kwa msimamo wake mkali kuhusu adabu ya upandaji. Lakini Robbins alipotoa kitabu chake cha mafunzo, *Basic Rockcraft*, mwaka 1971, michoro iliyomo ilikuwa ya Anderson huyo huyo. Jambo hili linastahili kutafakariwa. Mwalimu anafundisha mambo ambayo kosa moja ndani yake ni kifo, naye amekubali mcheshi akae naye katika ukurasa mmoja. Maneno yanamwambia mwanafunzi afuate. Mchoro unamkumbusha kwamba hata anayefuatwa ni mtu. Hapo ndipo malumbano yamekamilika, na mafunzo hayakupungukiwa na kitu.

Mwaka 1978 Anderson alitoa *The Curtis Creek Manifesto*, kitabu cha kufundisha uvuvi wa ndoana mitoni kwa katuni tupu. Humo mvuvi hunyata na kutambaa ili samaki asimwone. Mtu mzima aliyelala kifudifudi kwa ajili ya samaki ni kichekesho tosha, na ndivyo mvuvi hodari apaswavyo kufanya. Mafunzo na dhihaka vimekuwa kitu kimoja.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi wa huku. Yanatuhusu tangu tarehe 12 Februari 1998, siku Philip Boit wa Kenya aliposhiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Boit alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, yapata dakika ishirini nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Kwa mchoraji mvivu hii ni katuni iliyokwisha kujichora: Mwafrika katika theluji. Lakini Dæhlie alikuwa amemngoja mwisho wa njia, akamkumbatia. Bingwa aliyaelewa mambo ambayo mchoraji mvivu hayaelewi: kwamba anayejitahidi katika asilolizoea hana la kuchekwa, na kwamba kicheko cha haki huanzia juu, kwa aliyeshinda, kikashuka.

Yawezekana mtu akapinga akasema kwamba tunakitwika kicheko mzigo wa kufundisha. La, hasha. Mchoro wa Addams haufundishi usalama wowote, nasi tumeuweka mbele ya yote. Tunachodai ni kwamba kicheko kina mwelekeo, kama mteremko ulivyo nao, na mwelekeo huo ni sehemu ya fani. Mhakiki atakayekabili michoro ya majarida, iwe ya theluji au ya siasa za magazeti yetu, na atazame mstari, nafasi na uhusiano wa picha na maneno. Kisha aulize kidole cha mchoraji kimemwelekea nani, na kama aliyeelekewa alikuwa na nguvu za kustahimili.