Umbo Bila Maneno Yake

Nafanya kazi na vijana wakimbizi hapa Mbuya. Mmoja akichora pembetatu yenye jicho, wenzake wanasema, "Freemason huyo!" Akichora duara lenye nukta, basi ni uchawi. Kusoma hivi ni uvivu, tena kunaumiza. Kwetu Kongo kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi tu.

Tazameni kazi za Warega, watu wa Shabunda, Mwenga na Pangi. Sanamu zao ndogo za pembe za ndovu nyingi zimechorwa vijiduara vyenye nukta katikati. Asiyezijua anaweza kuogopa. Lakini zilikuwa za chama cha Bwami, na kazi yake ilikuwa kufundisha tabia njema: sanamu inaonyeshwa, methali inaimbwa, watu wanacheza. Sanamu moja iliweza kubeba mafundisho kadhaa. Bila methali, ilikuwa haijasema kitu.

Mwaka 1948 serikali ya Kibelgiji ilipiga Bwami marufuku. Leo sanamu nyingi zimo ndani ya makabati ya vioo huko Ulaya na Marekani. Zinapendeza, lakini ni bubu.

Mhubiri anaona shetani, makumbusho yanaona urembo. Naona wote wamekosea pamoja: wamesoma umbo, hawakumsikiliza mwenye umbo.

Kwa hiyo wazazi, wachungaji, nanyi wa mashirika mnaotafuta majeraha ya vita katika michoro ya watoto, muulizeni mtoto kwanza, "Hii ni nini?" Halafu nyamazeni, asimulie mwenyewe.