Mtetemo wa Kilomita 80

Hilux ya mwaka 1994 ya jirani yangu wa Umoja, Nairobi, hubeba viazi kutoka Marikiti kila alfajiri. Tangu Januari, ikifika kilomita 80 kwa saa, kiti kilitetemeka na sakafu ikanguruma. Gereji ya kwanza ilifanya wili balansi. Ya pili ikamuuzia tairi mbili. Ya tatu ikabadilisha mauntini ya giaboksi. Mtetemo haukusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. "Mkubwa, sasa imebaki difu," akaambiwa.

Nilimsihi asilipe kwanza. Jumapili mapema tukaingia Eastern Bypass. Kwa kilomita 80 nikajaribu gia ya 4, kisha ya 5: katika gia ya 5 injini huzunguka polepole zaidi, ila mtetemo ulibaki vilevile. Penye tambarare na pasipo gari nyuma, nikaweka nyutro. Bado. Injini na klachi zikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Hapo ndipo hesabu inapomsaidia fundi kuliko spana. Tulipiga tairi alama ya chaki, tukasukuma gari: mzunguko mmoja ni mita 2.05. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde, kwa hiyo tairi huzunguka karibu mara 11 kila sekunde. Tulipoinua nyuma kwa jeki tukaona propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa magurudumu, yaani mara 44 hivi kwa sekunde. Barabarani, mwendo tuliusoma kwenye simu kwa setilaiti, maana spidomita za magari ya zamani hudanganya. Simu ya pili, yenye programu ya kupima sauti, ikaonyesha mngurumo wa mitetemo 88 kwa sekunde. Kwa kilomita 60 ikashuka hadi 66.

Themanini na nane ni 44 mara mbili, na hiyo ndiyo sahihi ya krosi, kiungo kinachoiruhusu propela kupinda. Krosi ikizunguka ikiwa imepinda, haipitishi mwendo ulio sawa: huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hufuta kosa hilo, mradi pembe za krosi zote mbili zilingane na masikio ya propela yanayozishika yawe mstari mmoja. Yakipishana, makosa mawili hayafutani, na huweza hata kujumlishana.

Nikalala chini ya gari. Masikio ya nyuma na ya mbele ya kipande cha nyuma cha propela yalikuwa yamepishana waziwazi. Jirani akakumbuka: Desemba alibadilishiwa senta beringi, inayoshika propela katikati. Aliyeifungua alichomoa propela kwenye meno yake ya kutelezea, akairudisha jinsi ilivyomjia. Miezi mitatu watu wakabadilisha vipuri, na hakuna aliyeuliza gari liliguswa wapi mara ya mwisho. Hilo linaniuma kuliko tairi zilizonunuliwa bure.

Fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries aliichomoa, akalinganisha masikio, akairudisha. Hakununua hata nati. Tuliijaribu ikiwa tupu, kisha ikiwa na magunia, kwa sababu mzigo hushusha springi na kubadili pembe za krosi. Kimya mara zote mbili, na ile 88 haikuonekana tena kwenye simu.

Ukipeleka gari kubadilishiwa senta beringi au krosi, simama hapo hapo, na umwombe fundi achore mstari wa rangi unaovuka kila kiungo cha propela atakachofungua kabla hajagusa nati ya kwanza.